Mwalimu wa chombo: elimu ya maji kutoka mdomoni mpaka kitabuni

1. Bahari inatuhusu nini sisi wa Lukafu?

Kutoka hapa Lukafu mpaka Bahari ya Hindi ni zaidi ya kilometa 1,000, hata kama ungepita juu kwa juu kama ndege. Sisi maji yetu ni Lufira bondeni, ni Luapula na ziwa Mwero upande wa mashariki, ni vijito vinavyoshuka kutoka Kundelungu. Ndiyo sababu wanafunzi wanapenda kuuliza: «Mwalimu, bahari iko mbali na siye, ile mambo ya mashua itatusaidia nini?» Swali ni zuri, nalo linastahili jibu.

Jibu la kwanza liko katika midomo yao wenyewe. Wanaposema kwamba Lubumbashi iko kusini na Pweto iko kaskazini, wanataja pepo mbili za bahari. Kwa watu wa pwani, kaskazi ni upepo unaovuma toka Desemba mpaka Machi hivi, ukileta majahazi kutoka Arabuni na India. Kusi ni upepo unaovuma toka Aprili mpaka Septemba hivi, ukiyarudisha. Katika majina ya pepo hizo lugha yetu ilipata majina ya pande za dunia. Basi mtoto wa Lukafu, hata kama hajaona tanga moja maishani mwake, anaielekeza nchi yake kwa upepo wa mabaharia.

Lugha hii ilitufikia kwa njia zaidi ya moja. Kwanza ilikuja na misafara. M'siri, mtu wa Wasumbwa kutoka nchi za Unyamwezi, alijenga mji wake Bunkeya, na kutoka pale pembe za ndovu, shaba na watumwa walitoka kwenda bahari zote mbili, ile ya Benguela na ile ya Zanzibar. Hatufichi neno hili la watumwa: tanga lilibeba elimu, lilibeba pia machozi. M'siri aliuawa tarehe 20 Desemba 1891. Baadaye, Elisabethville ilipoanzishwa mwaka 1910, migodi, reli, misioni na shule viliieneza lugha hii katika Katanga nzima. Hivi tuko na lugha ya bahari katikati ya nchi kavu.

Jibu la pili ndilo tunalotaka kulieleza katika kurasa hizi. Elimu ya maji, popote ilipo, ilianza mdomoni mwa watu wa maji. Kitabu kilikuja nyuma. Lakini kitabu hakikuwatendea haki wote waliokifundisha. Tutaona mambo hayo kwanza baharini, halafu kwenye ziwa Tanganyika, ambako ufuko wa magharibi ni wa Kongo.

2. Mwalimu alikuwa nani chomboni?

Katika vyombo vya Bahari ya Hindi kulikuwa na kazi mbali mbali. Nahodha alikuwa na amri juu ya chombo na mali yake. Sarangi aliwasimamia mabaharia. Lakini mtu aliyejua njia, nyota, pepo na miamba aliitwa kwa Kiarabu mu'allim, na neno lile ndilo lililozaa mwalimu wa Kiswahili. Sisi tunaoshika chaki tuko na jina moja na yule aliyeshika njia ya chombo. Neno lingine la Kiarabu, rubani, nalo lilikuwa la bahari. Leo tunampa yule anayeendesha ndege.

Mwalimu wa chombo alifanya kazi namna gani? Chombo chake kimoja kilikuwa kibao kidogo cha mbao chenye kamba yenye mafundo, kinachoitwa kamal. Aliuma fundo la kamba kwa meno, akanyoosha kibao mbele ya jicho, upande wa chini ukigusa mahali ambapo bahari na mbingu zinakutana, upande wa juu ukigusa nyota. Hivyo alipima nyota iko juu vidole vingapi. Kila bandari ilikuwa na kipimo chake. Akitaka kufika mahali fulani, aliendesha chombo mpaka nyota isimame katika kipimo cha bandari ile, ndipo akageuza na kufuata mstari huo mpaka nchi ionekane. Kusini, upande wa Kilwa na Sofala, nyota ya kaskazini inazama, haionekani tena. Kule alipaswa kujua nyota nyingine.

Mambo haya yote mtu mmoja aliyaandika vizuri sana. Jina lake ni Ahmad ibn Majid, mzaliwa wa Julfar, mahali panapoitwa leo Ras al-Khaimah. Kitabu chake kikubwa juu ya misingi ya elimu ya bahari alikimaliza mwaka 1490 hivi. Aliandika pia mashairi mengi ya njia za bahari, moja likieleza njia ya pwani yetu ya Afrika mpaka Sofala. Juu ya nini mashairi? Kwa sababu usiku, chombo kikiyumba, mtu hawezi kufungua karatasi kila mara. Lakini maneno yenye vina yanakaa kichwani. Walimu wa leo tunaijua ile njia: jambo la kuimbwa halisahauliki upesi.

Kuna jambo lingine tunalolipenda kwa Ibn Majid. Anawataja waliomtangulia. Anasema juu ya babu yake na baba yake, waliokuwa waongozaji wa Bahari Nyekundu, na anasema pia mahali ambapo yeye aliona tofauti na wao. Anawataja waandishi watatu wa zamani, na hasiti kusema kwamba walikusanya habari kuliko walivyosafiri. Msomaji anajua nani alisema nini, na nani alijaribu kwa macho yake. Lakini vitabu vyake havikupigwa chapa wakati ule. Vilinakiliwa kwa mkono. Nakala zilizokaa Paris zilichapishwa na Mfaransa Gabriel Ferrand katika miaka ya 1920 tu, na lile shairi la Sofala lilichapishwa huko Leningrad mwaka 1957.

3. Malindi, 1498: mtu aliyebaki na cheo bila jina

Mwezi wa Aprili 1498 Mreno Vasco da Gama alifika Malindi. Alikuwa ameizunguka Afrika, lakini njia ya kuvuka mpaka India hakuijua. Mfalme wa Malindi akampa mwongozaji. Waliondoka tarehe 24 Aprili, kusi inapoanza, na tarehe 20 Mei walikuwa mbele ya Calicut. Hata mwezi mmoja haukutimia.

Sasa tuangalie kurudi. Da Gama aliondoka ufuko wa India mwanzoni mwa Oktoba, bila kungoja kaskazi ikae sawasawa. Safari ile ile ilimchukua karibu miezi mitatu. Watu wake wapatao 30 walikufa njiani kwa ugonjwa wa fizi unaotokana na kukosa matunda na mboga, na mabaharia waliobaki hawakutosha kwa meli zake. Meli moja, São Rafael, ilibidi ichomwe moto karibu na pwani yetu mwanzoni mwa mwaka 1499. Meli zilikuwa zile zile, bahari ile ile. Kilichopungua ni kusikiliza majira.

Yule mwongozaji wa Malindi aliitwa nani? Vitabu vingi vya shule vilisema ni Ahmad ibn Majid mwenyewe. Habari ile ilitoka kwa mwandishi mmoja wa Makka aliyeandika miaka mingi baada ya mambo yale, na wataalamu wengi wa leo hawaikubali tena. Kitabu cha safari kilichoandikwa na mmoja wa watu wa Da Gama kinasema tu kwamba walipewa mwongozaji. Waandishi Wareno waliofuata walisema alikuwa mtu wa Gujarat, wakamwita Malemo Cana au Malemo Canaqua. Malemo, ni nini? Ni mu'allim. Ni mwalimu. Mtu aliyewavusha Wareno kwa siku chache vile, kitabu kilihifadhi cheo chake, jina lake kikaliacha pwani.

4. Njia za bahari zinakuwa bidhaa ya duka

Wareno walizificha njia zao, lakini siri haikukaa. Mholanzi Jan Huygen van Linschoten alikuwa Goa katika miaka ya 1580, akimtumikia askofu mkuu. Alikusanya maelezo ya waongozaji wa Kireno, yaani pepo, mikondo, kina cha maji na alama za pwani, na Amsterdam ikayapiga chapa mwaka 1595 na 1596. Mwaka huo wa 1595 Waholanzi walituma meli nne kuelekea Java. Kitabu kilikuwa kimefungua mlango ambao mizinga ilikuwa inaulinda.

Tangu hapo kazi ya vitabu vya bahari ikawa biashara na kazi ya serikali. Mfaransa d'Après de Mannevillette alitoa ramani zake za bahari za Mashariki mwaka 1745. Waingereza waliunda ofisi yao ya ramani za bahari mwaka 1795, chini ya Alexander Dalrymple. James Horsburgh, aliyekuwa nahodha, alitoa maelekezo yake ya njia za India kuanzia mwaka 1809, na mabaharia wengi waliyategemea. Kwa pwani ya Waswahili, kazi kubwa ilifanywa na Kapteni William Owen kati ya 1822 na 1826, na meli mbili, Leven na Barracouta. Watu wake walipita karibu na nchi kavu wakiangusha kamba yenye kipande cha risasi, ambayo Waswahili wanaiita bildi, ili wajue kina cha maji. Homa iliwaua wengi sana kati yao. Nyuma yake Mfaransa Charles Guillain alizunguka pwani ile ile kati ya 1846 na 1848, na kitabu chake kilianza kutoka Paris mwaka 1856.

Hatuvidharau vitabu hivi. Mtu aliangusha bildi, akaandika namba, na baharia mwingine ambaye hatamwona kamwe aliokoka. Huo ndio uzuri wa chapa: elimu ya mtu mmoja inakuwa ya wote wanaoweza kusoma. Lakini neno hilo la mwisho ni zito. Mvuvi wa Pemba au wa Lamu, aliyeijua miamba tangu utoto, hakukisoma kile kitabu, wala hakukiandika.

5. Tanga likafika Tanganyika

Sasa tuiache bahari, tuingie bara, maana ile hadithi inarudiwa kwenye maji yetu. Katika karne ya 19 wafanyabiashara wa pwani walifika Ujiji na kuleta tanga lao kwenye ziwa. Mwaka 1858, Mwingereza Speke alivuka mpaka ufuko wa magharibi kusudi akodi jahazi la Mwarabu mmoja, hakulipata. Lakini chombo cha kawaida kilikuwa bwato lililochongwa katika mti mmoja, na miti mikubwa ya mvule ilitoka Goma, upande wa magharibi, upande wetu. Stanley anaandika kwamba bwato walilosafiria yeye na Livingstone mwaka 1871 lilitoka katika mvule wa Goma.

Swali kubwa la London wakati ule lilikuwa chanzo cha Nile. Watu walibishana: mto Rusizi, ulio upande wa kaskazini wa ziwa, je, unatoka ziwani au unaingia? Kama unatoka, labda ndio Nile. Mwezi wa Aprili 1858 Burton na Speke walifika Uvira kwa mabwato. Wana watatu wa mtawala wa pale walikuja kuwaona, wakaulizwa, wakajibu bila kusita: Rusizi unaingia ziwani. Burton aliliandika jibu lile. Lakini hawakufika mdomoni mwa mto, na mwaka 1864 Burton huyo huyo alitoa kitabu kingine akitetea kwamba Rusizi unatoka. Ubishi ulidumu mpaka Novemba 1871, Livingstone na Stanley walipofika penyewe na kuona maji yakiingia. Miaka 13 ilipita, na jibu lilikuwa limekwisha kutolewa Uvira siku ya kwanza.

Mto wa pili ni Lukuga, kule Kalemie. Verney Lovett Cameron alikuwa ofisa wa jeshi la maji la Uingereza. Mwaka 1874 alikodi vyombo Ujiji na kuizunguka sehemu ya kusini ya ziwa akipima, kama vile mabaharia wanavyopima pwani. Tarehe 3 Mei alifika Lukuga na kuona maji yakitoka polepole katikati ya majani. Mtawala wa pale akamwambia kwamba watu wake wanafuata kingo za mto ule zaidi ya mwezi mzima, mpaka mto mkubwa, Lualaba. Kitabu cha Cameron kilitoka mwaka 1877. Lakini Stanley alipopita mwaka 1876 na mashua yake Lady Alice alikuta matete na matope, akaandika kwamba mto hautoki bado, ila utatoka maji yakizidi. Mwaka 1879 akaja Edward Hore, mtu wa misioni ya London, naye alikuwa baharia wa kazi. Akaona Lukuga ikitoka kwa nguvu.

Nani alisema uongo? Hakuna. Ziwa lenyewe lilikuwa linabadilika. Maji yalipanda sana katika miaka ile, yakavunja kizuizi cha matete na udongo karibu na mwaka 1878, kisha ziwa likashuka mita nyingi. Hore alikaa ziwani miaka mingi. Alianza na bwato la Ujiji alilolitengeneza upya na kuliwekea tanga, akaliita Calabash. Maelezo yake juu ya ziwa pamoja na ramani yalitoka London mwaka 1882, na kitabu chake mwaka 1892. Kwa kupanga ushahidi wa watu hawa watatu pamoja na maneno ya mtawala wa Lukuga, leo tunaweza kujua ziwa lilivyopanda na kushuka zamani. Si habari ya kujifurahisha tu. Maji ya Tanganyika yalipopanda tena na kuingia nyumba za watu Kalemie na Uvira, mwaka 2021 na tena 2024, wengi walidhani ni jambo ambalo halijatokea kamwe. Vitabu vya mabaharia wa tanga vinaonyesha kwamba lilitokea.

Katika safari hizi zote mtu mmoja anarudi na kurudi: Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyeuzwa utumwani India akiwa mtoto, akarudi Zanzibar mtu mzima. Alikuwa na Burton na Speke, alikuwa na Stanley mwaka 1871, alivuka Afrika pamoja na Cameron kutoka bahari mpaka bahari. Mwaka 1876 Chama cha Jiografia cha London kilimpa medali ya fedha. Tunalijua jina lake kwa sababu waandishi waliliandika. Lakini wapiga makasia, wale waliosema «leo tusivuke», tukivisoma vitabu mara nyingi tunakuta wanaitwa waoga au wakaidi. Pengine walikuwa wanasoma upepo, kama Ibn Majid.

6. Kazi iliyobaki

Ndugu wasomaji, tunatoa fundisho gani katika mambo haya? Wengine watasema: Wazungu walituibia elimu, basi. Kwa upande mmoja ni kweli, lakini tukikomea pale hatujafanya kazi. Ibn Majid hakungoja mgeni aje kumwuliza. Aliandika mwenyewe, na aliwataja wakubwa wake. Sisi tuko na shule, tuko na kalamu, tuko na wanafunzi wanaosoma na kuandika. Kama elimu ya wavushaji wa Lufira na wavuvi wa Luapula na Mwero itapotea leo, hatutaweza tena kumlaumu Burton.

Na elimu hii inapotea kweli. Injini imefika, bwato la kuchonga linapungua, na vijana wanaokimbilia migodi hawajifunzi tena kwa babu zao. Tena hasara yake si ya makumbusho tu. Mwezi wa Oktoba 2024, karibu na Goma kwenye ziwa Kivu, chombo kilichopakia watu kupita kiasi kilizama na wengi walikufa. Wazee wa maji walikuwa na miiko yao: siku gani usivuke, mzigo gani usipakie, mawingu gani uyaogope. Tuliiita ushirikina. Sehemu ya miiko ile ilikuwa sheria ya usalama ambayo hakuna aliyeiandika.

Kwa hiyo tunapendekeza jambo dogo linaloweza kuanza muhula huu. Kila mwanafunzi wa sekondari mwenye mzee wa maji katika jamaa yake achukue kaye na kalamu, amwulize maneno matano. Moja: pepo za mahali pako zinaitwaje, na zinakuja mwezi gani? Mbili: mahali gani pa hatari, na palipataje jina lake? Tatu: maji yalifika wapi katika mwaka mbaya uliouona wewe? Nne: bwato linachongwa kwa mti gani, na linadumu miaka mingapi? Tano: nani alikufundisha?

Majibu yaandikwe kwa lugha aliyotumia mzee, iwe Kisanga, Kibemba au Kiswahili chetu cha hapa, bila kuyasafisha. Nakala moja ikae shuleni, moja irudi kwa mzee. Na juu ya ukurasa wa kwanza, kabla ya jina la mwanafunzi, liwekwe jina la aliyemfundisha, pamoja na jina la yule aliyetajwa katika swali la tano. Watu wa Malindi wangekuwa na kaye moja kama hiyo, leo tungejua ni mwalimu gani aliyewavusha Wareno.